Kilobaiti au Sekunde? Historia ya Linux Kwenye Vifaa Vidogo

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Sababu ni maziwa. Ndiyo, maziwa ya ng'ombe, tangi zima, yaliyochacha usiku mmoja kwenye ushirika wa wafugaji huko Nyandarua, huku kifaa nilichokitengeneza mimi mwenyewe kikiwa kimetundikwa ukutani karibu na tangi hilo bila kumwambia mtu yeyote lolote.

Nieleze. Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo chenye Linux ndani. Hupima joto la maziwa, na mambo yakiharibika hutuma ujumbe mfupi wa simu. Tena kila kinapowaka hutuma ujumbe wa kusema kwamba stima ilikuwa imepotea. Ujumbe huo humwendea jamaa mwenye ufunguo wa jenereta, ambaye hulala kwake ng'ambo ya mto. Kifaa hakina betri, kwa sababu betri ni pesa. Kina flashi ya megabaiti 8 tu, kwa sababu ya megabaiti 16 ni pesa pia, na mdosi wangu huihesabu kila shilingi mara mbili. Basi mimi, kwa ujuzi wangu wote wa chuo kikuu, nikabana kila kitu kwa mbano mkali kuliko wowote niliojua, nikabakisha nafasi, nikajipongeza.

Usiku ule stima ilikuwa ikipotea na kurudi. Inarudi nusu dakika, inapotea. Inarudi sekunde 20, inapotea. Hatimaye ikapotea moja kwa moja hadi asubuhi. Kifaa changu kilihitaji sekunde 47 tangu kipate stima hadi kitume ujumbe wa kwanza. Hakikufika sekunde ya 47 hata mara moja. Kulipokucha mwenyekiti wa ushirika alinipigia simu. "Kijana wangu," akasema, "hicho kidude chako kimelala kutushinda sisi." Hakugomba. Afadhali angegomba. Nikamwambia, "Pole sana mzee, nakuja leo hii," nikapanda matatu. Maziwa yalimwagwa, na wanachama hawakulipwa ya siku ile.

Nilipokuwa nikitafuta sekunde zangu zimekwenda wapi, niligundua kwamba swali hili lina umri karibu sawa na Linux yenyewe. Watu wamekuwa wakibadilishana kilobaiti kwa sekunde tangu siku za flopi, na jambo lililonishangaza ni kwamba bei ya soko hilo imegeuka zaidi ya mara moja. Kilichokuwa faida mwaka 1996 kilikuwa hasara mwaka 2008, na leo inategemea kifaa. Ndiyo makala ya leo.

Kwanza hesabu moja ndogo, msinikimbie. Ukinunua godoro la sponji Nairobi ulipeleke kijijini, utalikunja na kulifunga kamba ndipo lipandishwe juu ya matatu. Njiani umeokoa nafasi, lakini ukifika nyumbani lazima ufungue kamba na ungoje godoro lijinyooshe. Programu iliyobanwa ni hivyo hivyo. Muda wa kuipakia ni muda wa kuisoma kutoka mahali ilipohifadhiwa, kujumlisha muda ambao prosesa inautumia kuifungua. Ukibana zaidi, sehemu ya kwanza hupungua na ya pili huongezeka. Nani anashinda? Inategemea ni kipi kizembe zaidi, barabara au mikono yako.

Mwaka 1991 barabara ilikuwa mbovu ajabu. Linus Torvalds alitoa toleo la 0.01 mwezi wa Septemba mwaka huo, mistari 10,000 hivi ya msimbo, na punde si punde watu wakawa wanasafirisha Linux kwa flopi: moja ya kuamshia kompyuta, nyingine yenye programu. Wengi wenu hamjawahi kushika flopi (mimi mwenyewe niliikuta shuleni ikitumika kuegemeza meza), kwa hiyo tuipigie hesabu. Flopi ya megabaiti 1.44 huzunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde. Kila mzunguko mmoja hupitisha vipande 18 vya baiti 512 chini ya kichwa cha kusomea. Hiyo ni kilobaiti 45 kwa sekunde, na haiwezi kuzidi hapo hata ungeomba dua. Kusoma flopi nzima ni sekunde 32 zikiwa zimeenda sawasawa, bila kuhesabu muda wa kichwa kuhama kutoka mstari hadi mstari.

Kwa barabara kama hiyo kubana ni faida tupu. Kerneli (kile kiini cha Linux kinachopakiwa kwanza) ikiwa na kilobaiti 1,200 itachukua sekunde 26 na ushei kusomwa. Ibane ifike 500, na sekunde 11 zinatosha. Prosesa itatumia muda kidogo kuifungua, lakini bado umeshinda kwa mbali. Nafasi ndogo na kasi kubwa vilikuwa kitu kimoja! Hakukuwa na cha kupima kwenye mizani.

Mbano uliotumika ulikuwa wa gzip, programu ya Jean-loup Gailly na Mark Adler iliyotoka mwaka 1992. Faili ya kerneli ikaitwa zImage. Ilikuwa na kikomo cha ajabu: ilipaswa kuingia kwenye memori ya chini ya kilobaiti 640 ambayo kompyuta za aina ya PC zilirithi tangu zamani, na kwa vitendo haikuweza kuzidi kilobaiti 512 hivi. Kerneli ilipozidi kunenepa, katikati ya miaka ya 90, ikaja bzImage inayopakiwa juu ya megabaiti ya kwanza. Hapa niwarekebishe wale wanaobishana: ile "b" haina uhusiano na bzip2. Maana yake ni "kubwa" tu. Ndani yake mbano uliendelea kuwa ule ule wa gzip.

Kwa upande wa programu, Bruce Perens alikuwa na shida mwaka 1995. Alitaka diski ya kusakinishia Debian, ambayo pia ingeokoa kompyuta iliyokwama, iingie kwenye flopi moja. Kila amri ya Unix, hata ile ndogo ya kuorodhesha faili, ni programu kamili yenye vichwa vyake na msimbo wake wa kuanzia, na ukizijumlisha zinajaza flopi kabla hujafanya kazi yoyote ya maana. Perens akaziunganisha zote kuwa programu moja yenye majina mengi. Ukiiita kwa jina hili inafanya hili, ukiiita kwa jina lile inafanya lile. Hiyo ndiyo BusyBox, na kama una ruta nyumbani kuna uwezekano mkubwa imo humo ndani usiku na mchana.

Mashabiki wa flopi walifika mbali. Tom Oehser alitengeneza tomsrtbt, Linux nzima ya kuokolea kompyuta kwenye flopi moja, na megabaiti 1.44 zilipomtosha kidogo akaifomati flopi yenyewe upya: mistari 82 badala ya 80, vipande 21 kwa kila mstari badala ya 18. Zidisha na pande mbili, unapata kilobaiti 1,722 kwenye plastiki ile ile! Naye Dave Cinege akafanya Linux Router Project, ruta kamili kwenye flopi moja. Kompyuta kuukuu pamoja na flopi, na ofisi nzima iko kwenye mtandao. Mradi ule ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini wazo lake halikufa, tutalikuta mbele.

Kisha ikaja flashi, na ndipo mambo yakaanza kugeuka.

Flashi haina kichwa kinachohama wala diski inayozunguka. Aina inayoitwa NOR husomeka karibu kama memori ya kawaida. Barabara ikawa lami ghafla, ila ni lami ya bei ghali, kwa maana NOR ilikuwa ghali kwa kila megabaiti. Tena flashi ina tabia yake: huwezi kuandika juu ya kilichoandikwa bila kufuta kwanza kipande kikubwa kizima, na kila kipande hufutika mara zenye kikomo kabla ya kuchoka. Kampuni ya Axis Communications ya Sweden, watengenezaji wa kamera za mtandao, walilitatua hilo mwaka 1999 kwa mfumo wa faili ulioitwa JFFS. Mwaka 2001 David Woodhouse wa Red Hat akauandika upya kuwa JFFS2, safari hii ukiwa na mbano ndani yake. Ulipata wateja mara moja, wakiwemo waliokuwa wakiweka Linux kwenye iPAQ, kompyuta ya kiganjani ya Compaq iliyotoka mwaka 2000.

JFFS2 huandika kila badiliko mbele ya lililotangulia, kama daftari la duka la mtaani: "Mama Wanjiru kachukua sukari", mstari unaofuata "Mama Wanjiru kalipa nusu". Hakuna ukurasa wa mwisho wenye jumla. Ukitaka kujua nani anadaiwa nini, unasoma daftari zima tangu mwanzo. Nafasi imetumika vizuri sana, ila kila kifaa kinapowaka, Linux lazima ipitie flashi yote kwanza. Kwenye megabaiti 4 huoni shida. Lakini mwaka 2007 mradi wa One Laptop per Child ulianza kuzalisha kompyuta ya XO-1, ile ya kijani na nyeupe ambayo jirani zetu Rwanda waligawia wanafunzi wengi, na ndani yake kulikuwa na gigabaiti 1 ya flashi ya aina ya NAND, iliyotumia JFFS2. Daftari la megabaiti 4 limekuwa la gigabaiti 1, na mtoto yuko hapo anangoja.

Dawa iliyopatikana naipenda sana kwa sababu inaonyesha biashara hii waziwazi. Watu wa Chuo Kikuu cha Szeged, Hungary, waliongeza muhtasari mdogo mwishoni mwa kila kipande cha flashi. Linux husoma muhtasari badala ya kipande kizima. Umetoa kilobaiti kadhaa, umenunua sekunde. Baadaye chuo hicho hicho kikashirikiana na Nokia kutengeneza UBIFS, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.27 mwaka 2008, ambayo huweka faharasa yake kwenye flashi yenyewe. Hata hivyo tabaka la chini yake huchukua sehemu ya kila kipande kwa kumbukumbu zake, kwa hiyo kwenye flashi ndogo sana JFFS2 bado ina watetezi. Nami nimo.

Kwa faili zisizobadilika kulikuwa na njia nyingine. Linus mwenyewe aliandika cramfs, mfumo wa faili wa kusomwa tu, ambao hubana kila ukurasa wa kilobaiti 4 peke yake. Ukitaka kipande kidogo cha programu unafungua kilobaiti 4 tu, haraka. Lakini mbano hufanya kazi vizuri ukiwa na maneno mengi ya kulinganisha, na kilobaiti 4 ni maneno machache. Mwaka 2002 Phillip Lougher, Mwingereza, akatoa Squashfs iliyobana vipande vikubwa zaidi, mwanzoni hadi kilobaiti 32, siku hizi hadi megabaiti 1. Nafasi inapungua sana. Lakini ukihitaji baiti 100 zilizo katikati ya kipande, lazima prosesa ifungue kipande kizima. Kumbukeni hili, litarudi kuniuma.

Sasa niwaambie kuhusu ruta moja ya buluu na nyeusi. Linksys ilitoa WRT54G mwezi wa Desemba 2002. Ndani: flashi ya megabaiti 4, RAM ya megabaiti 16, na prosesa ya MIPS ya megahezi 125. Katikati ya mwaka 2003 wadadisi waligundua kwamba kumbe ina Linux, na leseni ya GPL inamlazimu anayeuza kifaa cha aina hiyo kutoa msimbo wake. Linksys, iliyokuwa imenunuliwa na Cisco mwaka huo huo, ikautoa. Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msimbo ule.

Mpangilio ambao OpenWrt iliufikia ndio ninaouona wa busara kuliko yote katika historia hii. Kerneli imebanwa kwa LZMA, mbano mkali kuliko gzip. Programu zote ziko kwenye Squashfs isiyobadilika. Nafasi inayobaki inapewa JFFS2 kwa mipangilio ya mwenye ruta, na mfumo wa tatu unavilaza viwili hivyo kimoja juu ya kingine ili vionekane kama kimoja. Sehemu kubwa haihitaji kupekuliwa wakati wa kuwaka kwa sababu haibadiliki, na ile inayopekuliwa ni ndogo. Ukiwasha ruta mara ya kwanza, JFFS2 inaandaliwa kando wakati ruta tayari inafanya kazi kutoka kwenye RAM. Umebana mpaka mwisho, na bado hungoji sana.

Ila ona bei ya megabaiti. Mwishoni mwa 2005 toleo la tano la WRT54G lilitoka likiwa na flashi ya megabaiti 2 na RAM ya 8, na Linux ikaondolewa, ikawekwa VxWorks inayohitaji nafasi ndogo. Megabaiti 2 zilitosha kubadili mfumo mzima wa ruta! Wateja walipolalamika kukawa na WRT54GL, yenye megabaiti 4 na 16 kama zamani, kwa ajili ya wapenda Linux. Na kwa sababu wabishi hawakosekani, mwaka 2006 watu wa DD-WRT walifanikiwa kuirudisha Linux ndani ya zile megabaiti 2. Lakini kila kitu kina mwisho: OpenWrt 19.07, iliyotoka Januari 2020, ilikuwa toleo la mwisho kuhudumia vifaa vya flashi ya megabaiti 4 na RAM ya 32.

Wakati wenzao wa ruta wakipigania kilobaiti, kulikuwa na kambi nyingine iliyopigania sekunde. Mwaka 2003 Sony, Panasonic (wakati huo Matsushita), Philips, Samsung na wenzao walianzisha jukwaa la Linux ya vifaa vya nyumbani, CELF. Shida yao ilikuwa kamera na runinga. Mtu anayewasha kamera mtoto akitembea hatua ya kwanza hatangoji sekunde 30. Tim Bird wa Sony akawa bingwa wa kuhesabu muda wa kuwaka, na baadhi ya waliyoyakuta yanachekesha. Kerneli, kila inapowaka, ilikuwa inatumia karibu robo ya sekunde kupima kasi ya prosesa ambayo ni ile ile ya jana na juzi! Ukiiandikia jibu mapema kwa neno moja la lpj, robo sekunde hiyo unairudisha mfukoni. Kuandika ujumbe mwingi kwenye waya wa polepole wa kufuatilia matatizo kulikula muda zaidi. Neno "quiet" likawa dawa.

Kambi hiyo ilikwenda hadi kuacha mbano kabisa. Njia inaitwa XIP: kerneli inakaa kwenye NOR bila kubanwa, na prosesa inaitekeleza hapo hapo ilipo, bila kuinakili kwenye RAM. Hakuna kusoma, hakuna kufungua. Unalipa kwa flashi mara mbili au zaidi, tena ya bei ghali, na programu yenyewe inakwenda polepole kidogo kwa kuwa NOR haifikii RAM. Niliidhania ni historia tu, kumbe mwaka 2017 Nicolas Pitre aliifufua cramfs, iliyokuwa tayari imewekwa kwenye orodha ya vitu vilivyopitwa na wakati, akaiongezea XIP kwa ajili ya vifaa vyenye RAM kiduchu. Iliingia kwenye kerneli 4.15 mwaka 2018.

Na kuna ile siku ya Septemba 2008, Portland, Marekani. Arjan van de Ven na Auke Kok, wote wa Intel, walisimama mbele ya wenzao wakaonyesha Eee PC, kompyuta ndogo ya bei nafuu, ikiwaka kikamilifu kwa sekunde 5. Hawakupunguza kidogo kidogo. Waligawa sekunde kama bajeti ya harusi: kerneli hizi, skrini hizi, na anayezidisha anatafuta pa kukata. Kwa kutazama michoro ya bootchart, programu iliyotengenezwa mwaka 2004, waliona kwamba muda mwingi haukuwa wa kazi. Ulikuwa wa kungoja. Programu fulani inangoja nyingine, ambayo inangoja kifaa, ambacho hakina haraka.

Tangu hapo wenye kerneli waliacha kuchagulia watu. Mwaka 2009 kerneli 2.6.30 iliruhusu uchague bzip2 au LZMA badala ya gzip peke yake. Mwaka 2010 ikaja LZO, inayobana kidogo na kufunguka upesi. Mwaka 2011 XZ, kwa wenye njaa ya nafasi. Mwaka 2013 LZ4, inayofunguka haraka ajabu. Mwaka 2020 Zstd, iliyojaribu kukaa katikati. LZ4 na Zstd zote chimbuko lake ni mtu mmoja, Yann Collet, Mfaransa. Orodha hii ukiipanga vizuri ni mizani ile ile: upande mmoja kilobaiti, upande wa pili sekunde.

Basi turudi Nyandarua. Nilikaa kwenye ofisi ya ushirika siku mbili na kompyuta yangu, nikapima. Flashi yangu inasoma megabaiti 2 kwa sekunde. Kerneli yangu ikifunguliwa ni megabaiti 5.2. Kwa XZ, niliyojivunia, inakaa kwenye megabaiti 1.7: sekunde 0.85 kuisoma na 2.6 kuifungua, kwa sababu prosesa ni dhaifu. Jumla karibu 3.5. Kwa LZ4 inakaa kwenye 2.9: kusoma 1.45, kufungua 0.2. Jumla 1.65. Vizuri, lakini imekula megabaiti 1.2 kati ya 8. Halafu, kwa uvivu tu, nikajaribu gzip. Megabaiti 2.2. Kusoma 1.1, kufungua 0.65. Jumla 1.75! Sehemu ya kumi ya sekunde nyuma ya LZ4, na imeniachia kilobaiti 700 zaidi. Mbano wa mwaka 1992, jamani. Nilicheka peke yangu mpaka karani akageuka.

Squashfs nilikuwa nimeiweka vipande vya kilobaiti 256, na kuanzisha programu kulikuwa kunachukua sekunde 9, prosesa ikifungua vipande vikubwa ili ipate vijiko viwili vya ndani. Nikashusha hadi kilobaiti 64. Picha nzima ikaongezeka kilobaiti 340, sekunde zikawa 5.

Lakini hapa lazima nikiri. Hizo zote ukizijumlisha hazifiki sekunde 6. Programu ndogo ya kuamsha kifaa ilikuwa inangoja sekunde 5 ili kama kuna mtu abonyeze kitufe, na kifaa hakina kitufe. Na kwenye programu yangu ya kutuma ujumbe kulikuwa na mstari mmoja unaoiambia ilale sekunde 20 ili modemu ya simu ipate mtandao. Nani aliuandika? Mimi, usiku mmoja, nikisema nitarekebisha kesho. Mwenyekiti alikuwa na haki kusema kidude kimelala. Nilikuwa nimekiamuru kilale!

Sasa modemu inapewa stima tangu sekunde ya kwanza, inatafuta mtandao wakati Linux nayo inaamka, na programu inauliza kila nusu sekunde kama iko tayari. Yenyewe huchukua sekunde 12 hivi. Ninajua kuna jibu lingine, la kutozima kabisa. BRCK, ile ruta iliyobuniwa Nairobi na kutangazwa mwaka 2013, iliwekewa betri ya takriban saa 8 kwa sababu waliijua stima yetu. Nimelipeleka ombi la betri kwa mdosi. Liko mezani kwake.

Siku ya pili jioni mwenyekiti alikuja kuona. Nikachomoa waya, nikahesabu hadi kumi, nikachomeka. Tukaitazama simu yake. Sekunde ya 14 ikalia. "Rudia," akasema. Nikarudia. Alinirudisha mara sita, safari nyingine akichomoa mwenyewe bila kunionya, kisha akaniitia chai.

Nimebakisha kilobaiti 212 kwenye flashi. Jana mdosi ameniandikia akitaka kila kifaa kikiwaka kionyeshe ukurasa wenye nembo ya kampuni kwa rangi, na nembo aliyoniletea ina kilobaiti 600. Nimemuuliza anipe sekunde ngapi. Bado hajajibu.